Mwanamke Haishii Kwenye Miaka 49

Ipo namba moja katika takwimu za afya za nchi zetu ambayo ni wachache wanaoitilia shaka, nayo ni 49. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 hapa Tanzania uliwahoji wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Utafiti wa namna hiyo hiyo uliofanyika Kenya mwaka huo huo nao uliishia kwa mwanamke wa miaka 49, ingawa mwanamume wa Kenya aliongezewa muda akahojiwa hadi miaka 54. Mdadisi anapofika kwenye kaya, huliandika jina la bibi wa miaka 57 katika orodha ya wanakaya, akaandika umri wake na jinsia yake, kisha humpita na kwenda kumketisha mkwewe. Mkwe ataulizwa mimba zake, uzazi wake, chakula chake na ndoa yake. Atapimwa uzito na wingi wa damu. Bibi hana dodoso. Amekwisha kuhesabiwa kama mdomo wa kulishwa, na hapo habari yake imefika tamati.

Ndugu msomaji, namba hii ina falsafa ndani yake, na makala haya yanaipinga falsafa hiyo. Inatuambia kwamba mwanamke ni tumbo la uzazi, na kwamba afya yake inaihusu dola maadamu tumbo hilo linafanya kazi. Likistaafu, naye amestaafu. Hata jina la utafiti wenyewe linakiri hivyo: afya ya uzazi na mtoto. Sina ugomvi na uzazi wala na mtoto. Ugomvi wangu ni na taifa ambalo likiisha kumwangalia mama na mtoto hudhani limemaliza kumwangalia mwanamke.

Tazama sasa lile jangwa linaloanzia hapo. Wanawake walio wengi duniani hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu aliyefika miaka 60. Kwa hiyo kati ya dodoso linaloishia 49 na sera inayoanzia 60 ipo miaka 10 kamili, kuanzia 50 hadi 59, ambamo mwanamke si mzazi tena na bado hajawa mzee. Miaka hiyo ndiyo homoni ya estrojeni imeshuka mwilini, mifupa inapoteza uzito kwa kasi, mafuta katika damu yanabadilika, usingizi unavunjwa na joto la ghafla na jasho la usiku, na njia ya mkojo inashambuliwa kwa urahisi. Miaka hiyo ndiyo shinikizo la damu na kisukari huanza kubisha hodi. Katika kipindi kile kile ambacho mwili unabadilika kuliko wakati wowote tangu kuvunja ungo, serikali inafumba jicho. Naye bado ana miaka 20 na zaidi ya kuishi.

Atakayesema upofu huu ni wa nchi maskini pekee hajaisoma historia ya sayansi ya wenye nacho. Huko Baltimore, Marekani, ulianzishwa mwaka 1958 utafiti mkubwa wa kufuatilia namna binadamu anavyozeeka. Kwa miaka 20 ya mwanzo binadamu huyo alikuwa mwanamume mtupu. Wanawake waliingizwa mwaka 1978. Utafiti maarufu uliothibitisha kwamba aspirini huzuia mshtuko wa moyo wa mara ya kwanza uliwafuata madaktari 22,071, na wote walikuwa wanaume, ilhali maradhi ya moyo ndiyo muuaji mkuu wa wanawake wa nchi hiyo pia. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya huko iliagiza kwamba mwanamke anayeweza kushika mimba asiingizwe katika hatua za awali za majaribio ya dawa, na agizo hilo likadumu hadi 1993. Aliyeweza kushika mimba alizuiwa kwa sababu ya mimba. Aliyekwisha kupita umri wa mimba mara nyingi hakukumbukwa. Tumbo lilimfungia mlango linapofanya kazi, na likamfungia tena lilipopumzika.

Pengo hilo la maarifa halikubaki tupu. Pasipo utafiti huingia mfanyabiashara. Mwaka 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, alitoa kitabu kilichouzwa mno, akidai kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu na kwamba tiba yake ni kumeza estrojeni maisha yote, ili mwanamke abaki kijana na mumewe asimchoke. Baadaye ikajulikana kwamba kampuni za dawa zilikuwa zikifadhili shughuli zake. Vidonge vyenyewe, vilivyotengenezwa kwa mkojo wa farasi majike wenye mimba, vilikuwa sokoni tangu mwaka 1942. Mwaka 1975 ikabainika kuwa estrojeni inayomezwa peke yake huongeza saratani ya ukuta wa ndani wa tumbo la uzazi. Ikaongezwa homoni ya pili, projestini, kuukinga ukuta huo, na biashara ikaendelea. Madaktari wakaandika dawa kwa mamilioni ya wanawake wakiamini kwamba inalinda moyo, bila jaribio kubwa lililokwisha kuthibitisha jambo hilo.

Ilibidi mwanamke ashike usukani ndipo swali liulizwe sawasawa. Mwaka 1991 Bernadine Healy, mwanamke wa kwanza kuongoza Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alizindua mradi ulioitwa Women's Health Initiative. Uliwaandikisha wanawake 161,808 waliokwisha kukoma hedhi, wenye miaka 50 hadi 79, katika vituo 40. Sehemu yao waliingia katika majaribio ya homoni, ya chakula, na ya madini ya kalsiamu pamoja na vitamini D. Waliosalia walifuatiliwa tu mwaka hadi mwaka. Katika jaribio la homoni mbili, wanawake 16,608 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walimeza dawa, wengine kidonge kisicho na dawa, na hakuna aliyejua amepata kipi.

Mnamo Julai 2002 jaribio hilo lilisimamishwa kabla ya muda wake, baada ya wastani wa miaka 5.2. Dawa iliyosemwa kuwa ngao ya moyo haikuulinda. Kati ya wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliomeza homoni mbili walipata saratani ya matiti 38, na wasiomeza 30. Mishtuko ya moyo iliongezeka kwa 7, viharusi kwa 8, na damu kuganda kwenye mapafu kwa 8. Kwa upande wa faida, saratani ya utumbo mpana ilipungua kwa 6 na kuvunjika kwa nyonga kwa 5. Mamilioni wakaacha vidonge, na mwaka 2003 saratani mpya za matiti nchini Marekani zikapungua kwa karibu asilimia 7. Wachumi wa afya walipopiga hesabu mwaka 2014 waliona kwamba jaribio hilo, lililogharimu dola milioni 260, liliirudishia jamii faida ya takriban dola bilioni 37.1. Atuonyeshe mtu mradi wa barabara uliolipa hivyo.

Nautaja mradi huu kwa heshima, lakini siutaji kama msahafu. Magazeti yaliyapokea matokeo yake kwa mshindo, yakaacha kusema mambo mawili. Kwanza, wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, ilhali mwanamke anayehangaishwa na joto la ghafla kwa kawaida ana miaka hamsini na ushei. Hatari kwa mmoja si lazima iwe hatari kwa mwingine. Pili, kwa wanawake walioondolewa tumbo la uzazi na kumeza estrojeni peke yake, saratani ya matiti haikuongezeka. Ufuatiliaji wa miaka mingi umeonyesha hata kupungua, ingawa kiharusi kiliongezeka. Kwa hiyo wapo wanawake walioteseka bure kwa kunyimwa dawa iliyowafaa, kama walivyokuwapo walioumia kwa kupewa isiyowafaa. Kilichowezesha kosa la pili kuonekana ni kule kuendelea kuwafuatilia wanawake wale wale baada ya vyombo vya habari kuondoka. Utafiti ni kama shamba: anayelima msimu mmoja na kuliacha hana haki ya kulalamikia magugu.

Tena heshima hiyo haijawahi kuwa salama hata kwa wenyewe. Mwezi Aprili 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuukatia mradi huo fedha za vituo vyake vya kanda. Kelele zikapigwa, na ndani ya siku chache uamuzi ukageuzwa. Zaidi ya miongo mitatu ya damu, mifupa na subira ya wanawake ingefutwa kwa waraka. Mradi huo ulinusurika kwa sababu walikuwapo watu walioujua na kuupigia kelele. Sisi tungepigia kelele nini? Hakuna wa kutukatia fedha za utafiti ambao hatujawahi kuuanzisha.

Wapo watakaosema: basi tuchukue matokeo ya Marekani tuyatumie, mwili wa mwanamke ni mmoja. Hoja hii ni ya uvivu. Marekani kwenyewe, utafiti mwingine ulioanza katikati ya miaka ya 1990 uliwalinganisha wanawake wa asili mbalimbali wanaopita katika kipindi hiki. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2015 yalionyesha kwamba vipindi vya joto la ghafla na jasho la usiku vilidumu kwa kadiri ya miaka 7.4 kwa wanawake wote wakichukuliwa pamoja. Kwa wanawake weusi vilidumu miaka 10.1, na kwa wenye asili ya Kijapani miaka 4.8. Ikiwa nchi moja, yenye hospitali za aina moja, inatoa tofauti ya zaidi ya mara mbili, nani ana ujasiri wa kuichukua wastani ya Chicago na kuivika kwa mwanamke wa Kongwa aliyezaa mara saba, akanyonyesha miaka kumi na mitano ya umri wake, akabeba maji kichwani tangu utotoni na kupika kwa kuni hadi leo? Mifupa yake ina hali gani? Mapafu yake je? Nyonga yake? Maswali hayo hayawezi kujibiwa na mtu mwingine kwa niaba yetu.

Ajabu ni kwamba mojawapo ya tafiti zilizobadili fikra za dunia kuhusu mwanamke aliyekoma hedhi ilifanyika papa hapa Tanzania. Katika miaka ya 1980 wanaanthropolojia Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliishi miongoni mwa Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi. Walipima saa za kazi na uzito wa chakula, wakaona jambo ambalo vitabu havikulitarajia: wanawake waliopita umri wa kuzaa walitumia muda mwingi zaidi wakitafuta chakula kuliko hata wanawake vijana. Mama alipojifungua na kushikwa na mtoto mchanga, kuongezeka uzito kwa mtoto aliyeachishwa ziwa kulitegemea jasho la bibi yake, yule achimbaye mizizi katika ardhi ngumu. Kutokana na hayo, wakatoa mwaka 1998 hoja inayojulikana duniani kote: kwamba huenda binadamu ana maisha marefu baada ya uzazi kwa sababu bibi waliokuwa na nguvu waliwaokoa wajukuu wao, na uhai huo ukarithiwa. Nadharia hiyo ina wapinzani, kama ilivyo ada ya sayansi. Hata hivyo, kipimo kilichopimwa Eyasi kimebaki: bibi hakuwa mzigo wa kambi, alikuwa ghala lake.

Elimu hiyo ilichimbwa kwetu, ikachapwa kwao, ikajadiliwa kwao, na dodoso letu likaendelea kuishia 49.

Ushahidi wa namna hiyo haupo porini tu. Esther Duflo, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, alichunguza pensheni ya wazee ya Afrika Kusini na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Pensheni ilipopokewa na bibi, afya ya wajukuu wa kike iliimarika kwa kipimo cha uzito na kimo. Ilipopokewa na mwanamume, hakuona badiliko la maana. Muleba, mkoani Kagera, ambako UKIMWI uliwaacha bibi wakilea yatima, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi. Tathmini ya mwaka 2008 ilipewa jina linalojitosheleza: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Huko ndiko fedha ya bibi ilikokwenda. Zanzibar nayo ilianza Aprili 2016 kulipa pensheni kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa hiyo anayesema nchi ya vijana haina nafasi ya kuwashughulikia bibi hajajiuliza hao vijana wanalelewa na nani mama zao wanapokwenda mjini kutafuta riziki.

Kutojua kwetu kuna gharama nyingine, nayo inalipwa kwa damu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa miongo mingi, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi uliotolewa dhidi yao mara nyingi ni macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, kwa miaka arobaini ya kuwapikia hao hao wanaomshuku. Ni dalili ya kitabibu ambayo jamii imeisoma kama hati ya mashtaka. Nasema hivi bila kudhani kwamba utafiti wa macho peke yake ungeushika mkono wa muuaji. Mauaji hayo yana tamaa ya ardhi na mirathi ndani yake. Lakini pale mwili wa bibi usipokuwa na maelezo ya mganga wa zahanati, maelezo yatatolewa na mganga wa ramli. Pengo la elimu halikai wazi: New York liliingiwa na muuza vidonge, Usukuma likaingiwa na panga.

Nitajibu pingamizi mbili. Ya kwanza ni ya fedha: kwamba wajawazito bado wanakufa, na hatuwezi kugawa kidogo tulicho nacho. Jibu langu ni kwamba anayeokolewa asife kwenye uzazi ana umri wa miaka 25, na tunamwokoa ili aishi. Akifika 55 tukamtelekeza, tumeokoa nini? Tena kuongeza kurasa chache katika dodoso ambalo tayari limekwisha kumlipa mdadisi nauli hadi mlangoni kwa bibi si ghali. Gari limefika, mafuta yamechomwa, kipimo cha shinikizo la damu kinaweza kuwa mkobani. Kilichokosekana ni nia.

Pingamizi ya pili ni ya staha: kwamba mambo haya ni siri ya wanawake, na bibi hawezi kuulizwa habari za hedhi na mkojo. Wanaosema hivi wamesahau kwamba katika jamii zetu bibi ndiye mwalimu wa mambo haya haya. Yeye ndiye kungwi na somo, yeye ndiye aliyemfunda mwari yale ambayo mama mzazi aliona haya kuyataja. Mwanamke aliyefundisha vizazi viwili juu ya mwili hashindwi kuusemea wa kwake, mradi aulizwe na mtu mwenye adabu, faraghani, kwa lugha anayoielewa.

Kisha waseme haiwezekani Afrika. Huko Agincourt, vijijini Afrika Kusini, utafiti ulioanza mwaka 2014 uliwaandikisha watu 5,059 wenye miaka 40 na kuendelea, wake kwa waume, bila ukomo wa umri wa juu, na umerudi kwao mara kwa mara. Utafiti wetu wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulichukua watu wa miaka 25 hadi 64, jambo ambalo ni hatua, ingawa nao ulimfungia mlango mwanamke wa miaka 65. Tusingoje tena mfadhili atupangie umri wa kuhesabiwa. Tafiti za uzazi zimetegemea mno fedha za Marekani, na mwaka 2025 tuliona mfereji huo ukifungwa kwa amri ya siku moja. Kama ni lazima sasa tujigharimie, basi walau tuandike maswali yetu wenyewe.

Ninayoyadai ni haya. Dodoso la mwanamke liondolewe ukomo wa miaka 49, na liwe na sehemu ya kukoma hedhi, mifupa, shinikizo la damu, kuona, na kushindwa kuzuia mkojo. Takwimu za zahanati na hospitali zitenganishe wanawake wa miaka 50 hadi 59, wasizikwe ndani ya fungu la watu wazima. Vyuo vya uuguzi na udaktari vifundishe kukoma hedhi kama somo kamili, ili mwanamke anayelalamikia joto la usiku asirudishwe nyumbani kila mara na dawa za malaria. Na vyuo vikuu vyetu, vyenye wahadhiri wanaopanda vyeo kwa makala za miezi sita, vikubali kuanzisha utafiti mmoja wa miaka 20 wa kuwafuata wanawake wale wale wa Tanga, Kagera, Dodoma na Pemba, ambao matunda yake huenda yakavunwa na watu wasio sisi.

Wabunge wanaopitisha bajeti ya takwimu, wataalamu wanaopanga maswali, na sisi tunaofundisha namna ya kuyapanga, tulio wengi tulibebwa mgongoni na mwanamke aliyekwisha kupita miaka 49. Dodoso lijalo litaandikwa na wajukuu. Tutaona kama wanawajua bibi zao.